Mwongozo Kamili wa Kutazama na Kukusanya Filamu Bubu za Kauboi

Wyatt Earp, mlinda sheria maarufu wa mji wa Tombstone, Arizona, alifariki dunia Los Angeles mwezi Januari 1929. Miongoni mwa waliobeba jeneza lake walikuwamo William S. Hart na Tom Mix, masteringi wawili wakubwa wa picha za kauboi za enzi ya filamu bubu. Hapo ndipo ulipo utamu wa filamu hizi. Zilipigwa wakati watu walioishi yale maisha bado walikuwa hai, wengine wakikaa jirani tu na studio. Wengi wa wapanda farasi unaowaona nyuma ya steringi walikuwa wachunga ng'ombe kweli, waliokosa kazi baada ya malisho kuzungushiwa seng'enge. Vumbi ni la kweli, na farasi anayeteleza bondeni anateleza kweli.

Upande wa pili wa habari unauma. Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu filamu bubu ndefu za Kimarekani 10,919 zilizotoka kati ya 1912 na 1929. Zilizosalia kamili katika umbo lake la awali ni 1,575, yaani asilimia 14. Kila nakala nzuri inayotunzwa ina uzito wake, na anayetaka kuingia humu afadhali aingie kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: tazama bure kabla ya kutoa hata shilingi

Nchini Marekani filamu za kauboi za enzi hiyo zimeshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki, kwa kuwa sheria yao inazilinda filamu hizo za zamani kwa miaka 95. Kwa hiyo zipo mtandaoni kihalali. Maktaba ya Bunge inazionyesha kwenye National Screening Room, National Film Preservation Foundation ina kadhaa kwenye tovuti yake, na Internet Archive ina rundo kubwa, nzuri na mbovu pamoja.

Anza na The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter, ya mwaka 1903. Ilipigwa New Jersey na New York, mbali kabisa na majangwa ya Magharibi, lakini kila kitu kimo: treni inatekwa, abiria wanaporwa, majambazi wanakimbia kwa farasi, wanafukuzwa. Halafu kuna kile kipande cha jambazi, Justus D. Barnes, anayemwelekezea mtazamaji bastola usoni na kufyatua. Katalogi ya kampuni ya Edison, iliyoitengeneza filamu hii, iliwaambia wenye kumbi kwamba kipande hicho wanaweza kukiweka mwanzo au mwisho, wapendavyo. Ndiyo maana nakala mbili za filamu hii zinaweza kutofautiana na zote zikawa sahihi. Jambo hili mkusanyaji alijue mapema.

Humo ndani yumo kijana aliyecheza nafasi zaidi ya moja, Gilbert M. Anderson. Mwaka 1907 alianzisha kampuni ya Essanay kule Chicago pamoja na George K. Spoor, kisha akajipa jina la Broncho Billy na kuwa steringi wa kwanza wa kauboi. Kuanzia 1912 alikuwa na studio Niles, California, na mji huo leo una jumba la makumbusho ya filamu bubu. Picha zake ni fupi, nyingi za rili moja, yaani gurudumu moja la mkanda: jambazi anakutana na mtoto mgonjwa au mjane, moyo unamlainika, anajitoa mhanga. Tazama mbili tatu, utaona mfumo mzima unazaliwa.

Baada yake nenda kwa William S. Hart, na hapa usiwe na haraka. Hart alitoka kwenye michezo ya jukwaani, akachukia kauboi wa mapambo. Nguo zake zimechakaa, mji wake ni mbao na matope, na uso wake hautoi kitu mpaka dakika ya mwisho. Katika Hell's Hinges (1916) yeye ni mpiga bastola anayetarajiwa kumfukuza mchungaji mpya mjini. Anamwona dada wa mchungaji, na kila kitu kinapinduka. Mwisho mji wote unateketea. Nimeona filamu nyingi zenye moto mkubwa na wa gharama zaidi, lakini chache ambazo moto wake unastahili hivyo. Tumbleweeds (1925), juu ya kinyang'anyiro cha ardhi Oklahoma, ilikuwa filamu yake ya mwisho. Ilipotolewa upya 1939 Hart mwenyewe, mzee sasa, alisimama mbele ya kamera akazungumza kwa sauti yake kuwaaga watazamaji. Tafuta nakala yenye kipande hicho.

Tom Mix ni kinyume chake kabisa: kofia kubwa, nguo za kung'aa, farasi wake Tony mwenye akili kuliko adui, na michezo ya hatari. Sky High (1922) ilipigwa Grand Canyon. The Great K & A Train Robbery (1926) inakwenda mbio mwanzo mwisho, na watoto wataipenda bila kuelezwa lolote. Filamu zake nyingi hatuna tena, kwa sababu ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua Julai 1937.

Kwa filamu ndefu za fahari kuna The Covered Wagon ya James Cruze (1923) na The Iron Horse ya John Ford (1924). Mimi ningemwanzia Ford mapema zaidi, kwenye Straight Shooting ya 1917 akiwa na Harry Carey. Jinsi Carey anavyosimama, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine, inatosha kukuonyesha mtu anawaza nini.

Hatua ya pili: jua unachotazama

Wengi hukimbia filamu bubu kwa sababu wameona nakala zenye watu wanaotembea kama wanaoungua miguu. Kosa ni la kasi. Kamera zile zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu 16 hadi 20 hivi kwa sekunde. Sauti ilipoingia kasi ikawekwa 24. Ukiuonyesha mkanda wa zamani kwa 24, kila mtu anakimbia.

Kuna hesabu rahisi ya kukagua. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16. Kwa hiyo kwa kasi ya fremu 16, idadi ya futi ndiyo idadi ya sekunde. The Great Train Robbery ilikuwa na futi 740: kwa 16 ni dakika 12 na sekunde 20, kwa 24 ni dakika 8 na kidogo. Ukikuta nakala ya dakika 8, ama imekimbizwa ama imekatwa. Rili kamili ya futi 1,000 ni kama dakika 16 na nusu kwa kasi ya 16, na dakika 11 kwa 24. Ukisoma kwamba filamu ilikuwa ya rili tano na nakala unayouziwa ina dakika 40, uliza.

Rangi ni jambo la pili. Nakala nyingi za wakati ule zilitiwa rangi: samawati kwa usiku, manjano ya kaharabu kwa ndani ya nyumba au mchana, nyekundu kwa moto. Tukio la usiku lilipigwa mchana kweupe, na bila ile samawati hulielewi. Nakala ya rangi nyeusi na nyeupe tupu mara nyingi imepoteza kitu.

Tatu ni sauti. Kumbi hazikuwa kimya; palikuwa na piano, kinanda, au okestra nzima. Na katika nchi kadhaa palikuwa na msimuliaji aliyesimama kando ya pazia akieleza kinachotokea, Japani wakiwaita benshi. Sisi hili hatuhitaji kufundishwa. Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Tanzania na sauti ya Lufufu, au Kenya na DJ Afro, anajua raha ya picha inayosimuliwa. Jaribu nyumbani: mtu mmoja asome yale maandishi ya katikati na kuyasema kwa Kiswahili, aongeze chumvi kidogo. Filamu ya Tom Mix ikisimuliwa hivi haina dakika ya kuchosha.

Hatua ya tatu: shika uzi mmoja

Usijaribu kukusanya kila kitu. Chagua steringi mmoja, au studio, au mahali. Nitaeleza uzi ninaoupenda mimi, kwa kuwa ndio uliobeba mengi na wauzaji wengi wanaupita.

Ni uzi wa wenyeji wa asili na watu weusi ndani ya picha hizi. Mtayarishaji Thomas Ince, karibu na Santa Monica, California, aliajiri kikosi kizima cha maonyesho ya kauboi ya 101 Ranch, pamoja na wenyeji wa asili wa kabila la Walakota waliocheza nafasi zao wenyewe. Watazame katika The Invaders ya 1912. Lillian St. Cyr, mwanamke wa kabila la Ho-Chunk aliyejulikana kama Red Wing, alikuwa nyota katika The Squaw Man (1914), filamu iliyomtambulisha Cecil B. DeMille.

Halafu kuna Oklahoma. Mwaka 1908 mlinda sheria William Tilghman aliongoza filamu fupi The Bank Robbery, na jambazi ndani yake ni Al Jennings, ambaye alikuwa amefungwa kweli kwa ujambazi wa treni. Quanah Parker, kiongozi mkubwa wa Wacomanche, naye anaonekana. Miaka 12 baadaye watoto wake, White na Wanada Parker, walicheza katika The Daughter of Dawn (1920), filamu ambayo waigizaji wake wote ni Wakiowa na Wacomanche, wakiwa na mavazi na mahema yao wenyewe. Ilidhaniwa imepotea mpaka nakala ilipojitokeza mikononi mwa mtu binafsi North Carolina. Oklahoma Historical Society iliinunua 2007, na mwaka 2013 iliingizwa kwenye rejista ya taifa ya filamu ya Marekani. Ukizitazama hizo mbili kwa kufuatana, unaiona familia moja ikivuka kutoka vita hadi kamera.

Bill Pickett, kauboi mweusi aliyejulikana kwa kumwangusha fahali kwa mikono, alipigwa filamu na mtayarishaji Richard Norman katika mji wa watu weusi wa Boley, Oklahoma: The Bull-Dogger, 1922. Vimebaki vipande tu. Mabango yake, hata hivyo, yapo, na yanatufikisha kwenye sababu ya kukusanya karatasi, ambayo nitaifikia.

Hatua ya nne: diski

Kwa watu wengi huu ndio mkusanyo wenyewe, na hauna aibu yoyote. Diski iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko mkanda uliochoka.

Kwanza kanda, yaani sehemu za dunia ambazo diski na mashine hutengenezewa. DVD za Marekani ni Kanda 1. Mashine zilizouzwa Kenya, Tanzania, Uganda na Congo ni Kanda 5, na za Ghuba na Ulaya ni Kanda 2. Blu-ray ya Marekani ni A, sisi na Ulaya ni B. Tafuta diski iliyoandikwa 0 au ABC, au nunua mashine isiyobagua kanda. Usikubali muuzaji akuambie "itacheza tu".

Pili, soma nyuma ya kasha. Toleo la kweli linakuambia nakala imetoka hifadhi gani, kasi gani, dakika ngapi, rangi zimerudishwa vipi, na nani amepiga muziki. Kasha lisilosema lolote kati ya hayo kwa kawaida lina nakala iliyonakiliwa kutoka kanda ya VHS. Kumbuka pia kwamba filamu yenyewe haina hakimiliki, ila muziki mpya uliotungiwa unaweza kuwa nayo. Usiiweke YouTube na muziki wa mtu.

Vya kuanzia: seti ya Treasures 5 ya National Film Preservation Foundation (2011), diski 3 zenye filamu 40 juu ya Magharibi, Straight Shooting ya Kino Lorber (2020), The Daughter of Dawn ya Milestone (2016). Seti ya kwanza peke yake ni elimu ya mwaka mzima.

Hatua ya tano: mikanda

Hapa tahadhari inatangulia mapenzi. Mkanda wa milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950 uchukulie kuwa ni nitreti, aina ya mkanda inayoshika moto upesi, mpaka uthibitishwe vinginevyo. Nitreti ikiwaka inajitengenezea oksijeni yake, kwa hiyo maji na blanketi haviizimi. Ikioza inanata kama asali, kisha inakuwa unga wa kahawia. Usiinunue, usiitume kwa posta wala ndege, usiiweke nyumbani. Na mtu akikuambia uchome kipande kidogo kupima, mkatalie.

Kinachofaa kukusanywa ni nakala za nyumbani, ambazo zilitengenezwa kwa mkanda wa usalama, usioshika moto kwa urahisi. Pathé walileta milimita 9.5 mwaka 1922, na utaitambua kwa tundu lake lililo katikati, kati ya fremu na fremu. Kodak walileta milimita 16 mwaka 1923, na kupitia maktaba zao za Kodascope walikodisha filamu za Hollywood zilizofupishwa, nyingi kwenye mkanda wa rangi ya kaharabu. Filamu kadhaa zinajulikana leo kwa njia ya nakala hizo tu, kwa hiyo Kodascope usiidharau kwa ufupi wake. Baadaye Blackhawk Films ya Davenport, Iowa, iliuza nakala za milimita 8 na 16 kwa watu wa kawaida. Hizi ndizo rahisi kupata na ndizo ningemshauri anayeanza.

Kabla ya kulipa, omba picha ya ukingo wa mkanda. Kodak walichapa pale alama ndogo za duara, mraba na pembetatu zinazoonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Alama zilirudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo alama moja inaweza kuwa 1926 au 1946. Hali ya mkanda na aina ya matundu vinakusaidia kuamua. Matundu pande zote mbili kwenye milimita 16 ni dalili ya nakala bubu. Upande mmoja, kuna nafasi ya sauti.

Kisha swali moja kubwa: unanuka siki? Harufu ya siki ni asetati, yaani ule mkanda wa usalama, inayokufa. Mkanda unajikunja, unasinyaa, na mvuke wake unaambukiza mikanda mingine. Muuzaji akisema "harufu kidogo", acha.

Hatua ya sita: mabango na karatasi

Karatasi ndiyo inayopanda bei kuliko vyote, na ndiyo inayoghushiwa sana. Bango la kawaida lilikuwa inchi 27 kwa 41. Kadi za ukumbini zilikuwa inchi 11 kwa 14, mara nyingi nane kwa seti, ya kwanza ikiwa na jina la filamu. Kulikuwa pia na slaidi za kioo za inchi 3¼ kwa 4, zilizoonyeshwa kwenye pazia kutangaza filamu ya wiki ijayo. Slaidi zinavutia, hazichukui nafasi, na bado zinaweza kununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida.

Nunua kioo cha kukuzia kabla ya kununua bango. Mabango makubwa ya wakati ule yalichapwa kwa litografia, uchapaji wa kutumia jiwe au bamba bapa, na kampuni ya Morgan ya Cleveland ni jina utakalolikuta pembeni mara kwa mara. Chini ya kioo unaona chembe zisizo na mpangilio, kama chaki. Ukiona vidoto vilivyojipanga safu kwa safu vya rangi nne, umeshika nakala ya kisasa. Angalia mikunjo: mabango yalikunjwa ili yatumwe, na bango la 1920 lisilo na mkunjo hata mmoja linahitaji maelezo. Namba ya National Screen Service, kampuni iliyosambaza mabango, chini ya bango inamaanisha ni la 1940 au baadaye. Kwa Tumbleweeds uwe macho zaidi, maana karatasi ya 1939 na ya 1925 huchanganywa kwa makusudi.

Hatua ya saba: hifadhi

Anayeishi Dar, Mombasa, Unguja au Muscat ana adui mmoja mkubwa, unyevu. Lenga asilimia 30 hadi 50. Kipimo kidogo cha unyevu si ghali. Kiweke ndani ya kabati, sio ukutani. Tumia kabati la chuma lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje, na mifuko ya silika inayobadilishwa ikishiba. Mikanda ilazwe, isisimamishwe. Kuna karatasi maalumu za kupimia asidi zinazogeuka kutoka samawati kwenda kijani hadi manjano. Weka moja ndani ya kila kopo, na kopo linalogeuka litenge siku hiyo hiyo. Karatasi za mabango ziwe bapa kwenye folda zisizo na asidi, zisibandikwe gundi wala selotepu. Lamineti inaua bango moja kwa moja.

Hatua ya nane: ukikuta kitu

Mwaka 1978 mafundi wa ujenzi huko Dawson City, Yukon, Kanada, walikuta rili zaidi ya 500 zilizofukiwa chini ya uwanja wa zamani wa kuteleza kwenye barafu. Mwaka 2010 hifadhi ya New Zealand ilikubali kurudisha Marekani filamu 75 zilizokuwa zimedhaniwa kupotea. Sababu ni moja: maeneo yale yalikuwa mwisho wa njia ya usambazaji, na kurudisha makopo kuligharimu kuliko thamani yake. Filamu ya John Ford ya 1917, Bucking Broadway, ilipatikana katika hifadhi ya Ufaransa.

Pwani yetu nayo ilikuwa mbali na Hollywood, na sinema zilionyeshwa Zanzibar tangu enzi ya filamu bubu. Kama jamaa zako waliwahi kuendesha ukumbi Unguja, Tanga au Mombasa, uliza kuhusu ghala. Kopo likipatikana, lisifunguliwe ndani ya nyumba wala karibu na jiko au sigara. Lipeleke kivulini penye hewa, piga picha ya maandishi ya juu, andika kipenyo cha rili na upana wa mkanda. Angalia jina kwenye orodha ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge ya filamu bubu ndefu za Marekani, inayosema ipi imesalia na wapi. Kisha waandikie FIAF, shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu lililoanzishwa 1938, wakuelekeze hifadhi ya kuipokea. Mkanda usiusafirishe mwenyewe. Wao ndio watakaokuambia unafungwaje na unapita njia gani.